Baridi ilisingiziwa: kisa cha mama aliyebanwa kifua mara tatu msimu mmoja

Mgonjwa ni mama wa miaka 63, mkulima wa mahindi na viazi katika kijiji kimoja cha mkoa wa Njombe. Sigara hajawahi kuitia mdomoni. Alichofanya kwa zaidi ya miaka 20 ni kupika komoni, pombe ya kienyeji, ya kuuza: pipa juu ya mafiga, kuni za miwati na mabanzi ya misindano kutoka kwa wapasua mbao, jiko la matofali lenye mlango mmoja na kidirisha kisichofunguka. Watoto wake wote walisomeshwa na pipa hilo. Nimebadili mambo machache asitambulike, na mwenyewe ameridhia kisa kiandikwe.

Kabla ya kufika kliniki yetu alikuwa ameshatibiwa nimonia, akatibiwa pumu, akatibiwa tena nimonia. Makohozi yake yalipimwa kwa GeneXpert na TB haikuonekana. Hospitali ya rufaa akapuliza kwenye kipimo cha mapafu: hewa aliyoweza kuitoa ndani ya sekunde ya kwanza haikufika asilimia 70 ya hewa yote aliyoitoa, hata baada ya kupewa dawa ya kutanua njia za hewa. Hicho ndicho kigezo cha ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule ambao kwenye kadi huandikwa COPD. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wa aina hii wameupata kwa tumbaku, lakini katika nchi zenye kipato kama chetu tumbaku inahusika na asilimia 30 hadi 40 tu. Wengi wa waliobaki ukiwauliza maisha yao utasikia moshi wa jikoni, vumbi la kazini, au TB ya zamani iliyoacha makovu.

Ninachotaka kukichambua hapa ni msimu mmoja tu, Juni hadi Agosti, ambao alizidiwa mara tatu hadi kufikishwa kituo cha afya. Mara mbili za kwanza nyumbani walitoa sababu moja: baridi. Yeye mwenyewe aliniambia, "Daktari mwanangu, baridi ya huku ndiyo itakayonizika." Njombe mwezi wa saba si mahali pa kubishana na mtu kuhusu baridi, kuna alfajiri umande unaganda juu ya majani. Na kwa kuwa hakuna aliyebisha, hakuna aliyetazama kitu kingine.

Nilipoyapanga matukio yale matatu kwa saa na siku, niliona kwamba baridi ya msimu ilikuwepo ila haikufanya kazi ile inayosemwa. Ilichofanya ni kuwafanya watu wafunge madirisha, walete moto chumbani na wabanane. Hayo, na mengine yaliyojificha nyuma ya jina lake, ndiyo yaliyomlaza.

Kwanza, kawaida yake ni ipi?

Mgonjwa wa kifua sugu hana siku ya kusema "leo sina kitu". Kila asubuhi anakohoa, kila akipanda mlima anahema. Ndiyo maana kuzidiwa kunampita bila kutambuliwa: wenyeji wa nyumba wameshazoea kikohozi chake, na yeye ameshazoea kusema "ni kawaida yangu". Usipojua kawaida yake huwezi kujua ameitoka lini.

Kwa huyu mama tulikubaliana vipimo vya hapohapo nyumbani. Kutoka mlangoni hadi bombani husimama mara moja kupumzika. Makohozi ya asubuhi ni meupe, kama kijiko kimoja cha chai. Anaweza kumaliza sentensi ndefu bila kukata pumzi. Analala na mto mmoja. Pampu ya salbutamol, dawa ya kutanua njia za hewa, anaivuta asubuhi na jioni, katikati si lazima. Kipimo cha kidole cha oksijeni ya damu, akiwa ametulia, husoma asilimia 90 au 91. Mtu mwenye mapafu mazima akisoma hivyo tungekimbia, kwake ndiyo hali ya kila siku. (Vidole vikiwa vya baridi namba hushuka bure au huyumbayumba; mwambie afikiche mikono ipate joto kwanza ndipo umpime.)

Haya yote aliyaandika mjukuu wake wa darasa la sita kwenye daftari la mistari, safu nne: pumzi, makohozi, pampu, na "nini kimetokea leo". Safu ya nne ilikuwa wazo la binti wa kliniki yetu na ndiyo iliyofumbua kila kitu. Mtoto hana habari na nadharia za watu wazima, anaandika alichokiona. Siku moja kaandika: "Bibi amekaa jikoni kwa sababu ya mvua. Shangazi amechoma mabanzi mabichi. Pampu mara 4." Watu wazima wangeandika "kifua kimesumbua kidogo".

Vigezo vinavyotumika sasa vinasema kuzidiwa ni pumzi kukata, au kikohozi na makohozi kuongezeka, kwa namna inayozidi kuwa mbaya ndani ya muda usiozidi siku 14. Kwa lugha ya daftari letu: akianza kusimama mara tatu njiani kwenda bombani, au pampu ikipita mara nne kwa siku, au makohozi yakibadili rangi, hiyo si kawaida yake tena, hata kama mwenyewe anasema ni kawaida.

Usiku wa jiko la mkaa

Mara ya kwanza ilikuwa katikati ya Juni. Usiku ulikuwa mkali, mkwe wake akawasha jiko la mkaa nje, akasubiri liwe jekundu kabisa bila moshi, kisha akaliingiza chumbani kwa mama. Alifanya kama alivyofundishwa, tena kwa upendo. Mlango ukafungwa, na kidirisha kilikuwa kimeshazibwa kwa matambara tangu Mei. Mjukuu alilala chumba hichohicho.

Saa nane usiku mama akaamka amebanwa, kichwa kinamgonga, miguu haina nguvu. Mjukuu naye aliamka kichwa kinauma, akatapika. Walivyofungua mlango kumtoa mama nje ndipo mtoto alipopata ahueni, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Kijana wake akampakia bodaboda, wakafika kituo cha afya kabla ya saa kumi alfajiri.

Muuguzi wa zamu akambana kidoleni kipimo cha oksijeni. Kikasoma 96.

Hapa naomba msomaji asimame. Mama ambaye siku njema husoma 91, amekuja anahema, amechoka, hawezi kumaliza sentensi, na mashine inasema ana oksijeni nyingi kuliko siku zote. Kaboni monoksaidi inayotoka kwenye mkaa hung'ang'ania damu mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa, na kipimo cha kawaida cha kidole hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba hewa hiyo ya sumu. Zote kinaziona nyekundu. Namba ile nzuri ilikuwa dalili ya sumu.

Muuguzi, mama mtu mzima aliyekaa kazini miaka mingi, hakuiamini namba. Alisikia kwamba mtoto naye kichwa kinamuuma, akauliza swali moja: "Mlilala na moto?" Swali hilo ndilo lililomwokoa mama, kwa sababu matibabu yanatofautiana. Mgonjwa wa COPD aliyebanwa hupewa oksijeni kwa kiasi, tukilenga kipimo kisome kati ya 88 na 92, kwa kuwa ikizidi anaweza kusinzia na kujaa mwilini hewa chafu, yaani kaboni dayoksaidi. Aliyevuta kaboni monoksaidi anahitaji oksijeni nyingi iisukume ile sumu itoke. Kanuni mbili zikagongana kitandani kwa mgonjwa mmoja. Wakampa oksijeni ya juu huku wamemkalia karibu, wakimsemesha ili waone kama anaanza kusinzia, na salbutamol ya kuvuta kupitia chupa. Adhuhuri waliiondoa. Baada ya muda kipimo kikasoma 91, na mama alikuwa ameketi anakunywa uji. Namba ilikuwa imeshuka, na yeye alikuwa amepona.

Kumbuka pia kisichokuwepo usiku ule. Homa haikuwepo. Makohozi yalikuwa meupe kama kawaida. Mafua hayakuwepo. Kati ya jiko kuingia chumbani na kubanwa zilipita saa chache tu. Kichochezi kinachovutwa kwa pua, iwe moshi, sumu au vumbi, hukupiga siku hiyohiyo.

Kuna wanaoamini kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu umeisha ubaya. Moshi unaoonekana huwa umepungua kweli, lakini kaboni monoksaidi haionekani na haina harufu, na inaendelea kutoka hadi kaa la mwisho. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia zilizolala na jiko zisiamke. Mapafu mabovu ya mama yalimwamsha mapema. Nathubutu kusema ubovu huo ndio uliomwokoa mjukuu.

Wajukuu wa likizo

Mara ya pili sitaichukulia muda mrefu kwa sababu ndiyo ya kawaida kuliko zote. Mapema Julai walikuja wajukuu kutoka Dar es Salaam, mmoja anafuta kamasi kwa mkono. Siku ya tatu mama akaanza kuwashwa koo. Siku ya tano makohozi yakawa mengi, mazito, yakageuka manjano kuelekea kijani, na bombani hakufika. Maambukizi, hasa virusi vya mafua ya kawaida, ndiyo yanayoongoza kuwazidisha wagonjwa hawa duniani kote, na huja hivi: kwa hatua, siku tatu hadi tano baada ya mgeni, yakianzia kooni na puani kabla ya kushuka kifuani.

Alikuwa na dalili zote tatu tunazoziangalia kabla ya kutoa antibiotiki: pumzi kukata zaidi, makohozi kuongezeka, makohozi kuwa ya usaha. Akapewa, pamoja na prednisolone, dawa ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa, miligramu 40 kwa siku 5. Makohozi yakapimwa tena TB, kwa sababu mtu mwenye kifua sugu hana kinga ya kutopata TB, na mahali petu si vyema kuliacha swali hilo kwa kuwa tu mwaka juzi jibu lilikuwa hapana.

Nyumbani wakasema baridi. Nikalifungua daftari. Juma lile mtoto alikuwa ameandika siku nne mfululizo "leo jua kali, tumeanika mahindi".

Siku ya kupukuchua

Tukio la tatu, mwezi Agosti, lilikuwa na mafundo mawili na nusura tuone moja tu.

Mashine ya kupukuchua ilikuja uani asubuhi. Wenye kuijua kazi hiyo wanajua wingu linalotoka: makapi, vumbi la magunzi, na unga wa ukungu kama mahindi yalivunwa na unyevu. Mama hakukaa mbali, alipembua. Jioni vijana wakachanganya mahindi na dawa ya unga ya kuzuia dumuzi, wakikoroga kwa koleo ndani ya ghala lililofungwa. Usiku akabanwa, kifua kinapiga miluzi hadi chumba cha pili. Akavuta pampu, akapata nafuu kwa muda wa saa tatu hivi. Akavuta tena. Kufikia alfajiri alikuwa amevuta mara nyingi, mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio. Hilo si jambo la ajabu. Salbutamol nyingi hufanya hivyo.

Jirani, kwa huruma, akamletea vidonge vyake mwenyewe "vya kutuliza moyo". Mama akameza viwili. Moyo ukatulia kweli. Lakini tangu hapo pampu ikawa kama anavuta upepo. Saa nne asubuhi walimfikisha kwetu, midomo imebadilika rangi.

Kijana alikuja na karatasi ya vidonge mfukoni, jambo ninaloliomba kila siku na ni wachache wanaolifanya. Ilikuwa propranolol. Dawa hii hupunguza kasi ya moyo kwa kuziba vile vipokezi ambavyo salbutamol inavitumia kutanua njia za hewa, kwani vipo moyoni na vipo kifuani. Kuna dawa za moyo za jamii hiyo zinazolenga moyo zaidi, ambazo wagonjwa wa COPD wengi huzitumia salama wakiandikiwa na daktari. Propranolol si mojawapo. Mama alikuwa amefunga mlango kwa mkono mmoja huku anaugonga kwa mkono mwingine.

Kwa hiyo kichochezi kilikuwa kipi? Ukiuliza familia, safari hii walisema vumbi, na kwa nusu ya kwanza walikuwa na haki. Daftari linaonyesha pampu ilikuwa inafanya kazi usiku kucha, nafuu ya saa tatu kila mara. Vumbi na dawa ya dumuzi vilimbana, ila bila vile vidonge viwili pengine angetulia nyumbani au afike zahanati akitembea. Badiliko lilikuja baada ya saa moja asubuhi, alipokwisha kumeza vidonge vya jirani. Ninasisitiza hili kwa sababu orodha za vichochezi huandika moshi, vumbi, manukato, baridi, na kusahau dawa. Mgonjwa wa kifua anapozidiwa ghafla, swali la "umemeza nini kipya tangu jana?" liulizwe sambamba na "umevuta nini?" Vidonge vya jirani, dawa za usingizi, hata matone ya macho ya presha ya jicho yenye timolol, vyote vina njia ya kufika kifuani.

Baridi yenyewe ina kosa gani?

Sitaki niisafishe kabisa. Hewa baridi na kavu ikiingia ghafla kwenye njia za hewa zilizovimba huzibana, na mama akitoka kitandani kwenda choo cha nje alfajiri anakohoa. Kwa hilo alianza kujifunga shali puani na mdomoni akae nayo dakika chache mlangoni kabla ya kutoka, avute hewa iliyopashwa na pumzi yake mwenyewe. Linasaidia. Lakini katika msimu ule alitoka nje kwenye baridi kila alfajiri, na alizidiwa mara tatu tu. Kitu kinachotokea kila siku hakiwezi peke yake kueleza kitu kilichotokea siku tatu.

London, tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, ilipitia jambo hilohilo kwa ukubwa wa mji mzima. Baridi ilikuwa kali, watu wakachoma makaa ya mawe zaidi majumbani, na tabaka la hewa ya joto likakaa juu ya mji na kuuzuia moshi usipande. Makadirio ya kwanza yalisema watu wapatao 4,000 walikufa, uchambuzi wa baadaye ukafikia 12,000, wengi wao wazee na wenye vifua vibovu. Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya hewa safi mwaka 1956, sheria ya moshi, maana baridi haitungiwi sheria. Ukisimama juu ya kilima chetu saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai na kuona moshi wa vijiji umelala bondeni bila kupanda, utaelewa haraka.

Kilichobadilishwa, na kilichoshindikana

Jiko la mkaa halikuingia chumbani tena, hilo halikuwa na mjadala. Badala yake mkwe anajaza mfuko wa mpira kwa maji ya moto, anauzungushia kanga na kuuweka miguuni kwa mama nusu saa kabla hajalala. Matambara ya dirishani yaliondolewa sehemu ya juu, ukabaki upenyo wa viganja viwili. Mama alilalamika juma zima kuhusu upenyo huo.

Kuhusu kupikia, ningependa kuandika kwamba walihamia gesi. Hawakuhamia. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, lakini makande ya familia ya watu saba hayasubiri mkakati, na mtungi mdogo ukipikia maharage haufiki mwisho wa mwezi. Walichofanya ni kugawa: chai na uji wa alfajiri ni gesi, kwa sababu saa hiyo kila kitu kimefungwa na mama yumo ndani, makande na maharage hupikwa kwa kuni nje, chini ya banda lililo wazi pande tatu, mchana. Mabanzi yakaushwe kwanza. Nafikiri mgawanyo huu una maana zaidi kuliko jiko banifu ndani ya chumba kilekile. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Malawi, utafiti mkubwa uliochapishwa mwishoni mwa 2016 uligawa majiko yanayounguza kuni kwa usafi zaidi, na nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano haikupungua. Watoto si wazee, na nimonia si COPD, lakini najifunza kwamba kupunguza moshi kidogo si sawa na kumtoa mtu kwenye moshi.

Mahindi sasa yanahifadhiwa kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Dumuzi anakosa hewa anakufa bila dawa. Gharama ni kubwa kuliko gunia la kawaida, ila mfuko hutumika zaidi ya msimu mmoja na unga wa dawa umetoweka nyumbani kwao. Siku ya mashine mama anakwenda kwa binti yake na kurudi uani pakishafagiliwa kwa kunyunyiziwa maji.

Wajukuu wa likizo wanaruhusiwa. Ningemwambia nini, asiwaone? Mwenye kamasi analala chumba kingine, ananawa mikono kabla ya kumshika bibi, na wote hukaa uani palipo na jua badala ya ndani. Chanjo ya mafua makali na ya nimonia ya watu wazima tulimweleza azipate pindi zinapopatikana.

Pampu ilihitaji kazi kuliko nilivyotarajia. Alikuwa anabonyeza kwanza, anavuta baadaye, dawa inaishia kwenye ulimi. Tulimtengenezea chupa: ya maji ya nusu lita, kitako kikatobolewa kwa waya wa moto kwa umbo la mdomo wa pampu, yeye anavutia kwenye shingo ya chupa. Si ubunifu wa kimaskini tu. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999, kwa watoto wenye pumu, kwamba chupa kama hiyo inafikisha dawa sawasawa na kifaa cha dukani. Anatikisa pampu, anatoa pumzi, anabonyeza mara moja, anavuta taratibu, anashikilia hadi kumi. Na asiitumbukize pampu kwenye maji kuangalia kama inaelea ili ajue imebaki kiasi gani. Mchezo huo haupimi chochote. Mjukuu anahesabu mivuto kwenye daftari, pampu ina mivuto 200.

Nyumbani wanajua pia dalili ambazo hazisubiri asubuhi: akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, pampu isipompa nafuu ya saa nne, au akianza kusinzia na kuongea yasiyoeleweka. Hii ya mwisho niliirudia sana, kwa sababu watu hufurahi mgonjwa aliyehangaika usiku kucha anapolala. Kwa mgonjwa huyu usingizi wa ghafla katikati ya kubanwa unaweza kuwa ni hewa chafu imejaa kichwani.

Kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni misiba. Shemeji yake alifariki msimu uliofuata, kijiji cha jirani. Kwa umri wake na nafasi yake kwenye ukoo anatakiwa alale msibani, wanawake wamebanana chumba kimoja, moto wa magogo unawaka uani usiku kucha, sufuria za chakula cha waombolezaji juu ya mabanzi. Kila kichochezi kimoja tulichokiandika kilikuwepo pale pamoja. Kumwambia asiende kungekuwa kumtibu mapafu na kumwua vinginevyo. Alikwenda mchana, akakaa upande ambao upepo unatokea, chupa yake ndani ya mkoba, akaondoka jua likizama. Walimsema. Kaka wa marehemu akasimama akaeleza kwamba mama huyu akilala hapa tutakuwa na msiba wa pili, na maneno yakapungua, ingawa hayakuisha.

Msimu huo wa pili alizidiwa mara moja tu, mwezi Septemba, na sababu hatukuipata. Daftari halionyeshi mgeni, moshi wa ndani, vumbi wala kidonge. Katika matukio makali ya ugonjwa huu, karibu theluthi moja hubaki hivyo bila sababu iliyojulikana, na sikutaka kuirudisha baridi kwa kuwa tu nafasi ilikuwa wazi. Mkwe wake ana dhana: bondeni kwa jirani kulikuwa na tanuru la matofali linachomwa siku hizo, na moshi wake hauji kila siku. Inawezekana. Mwenyekiti wa kitongoji amekubali wenye matanuru watoe taarifa kabla ya kuwasha, na mjukuu ameongeza safu ya tano kwenye daftari, upepo unatoka wapi.